Mchoro wa kale wa kijiji cha Ugogo: ule mstari mweusi ni nini, na kina mama wako wapi?

Mwalimu wa Bahi aliandika:

Mbukwenyi wanajukwaa, na wakubwa wangu shikamooni.

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari iliyo magharibi ya jiji la Dodoma, upande wa Bahi. Mwezi uliopita nilipata nakala ya mchoro wa mandhari wa karne ya 19, wa aina ile iliyokuwa ikichapishwa katika vitabu vya Wazungu waliopita Ugogo wakielekea Unyamwezi na Ujiji. Nakala yenyewe imetolewa kwenye nakala nyingine, kwa hiyo maandishi ya chini yamefifia, jina la mchoraji halisomeki, na neno pekee lililobaki wazi ni Ugogo. Mbele kuna mbuyu uliochukua karibu theluthi moja ya karatasi. Nyuma yake kuna uwanda, wanaume wanne wenye mikuki, ng'ombe wachache, kisha mstari mrefu mweusi uliolala chini ya vilima, na juu ya vilima hakuna kitu isipokuwa anga.

Niliwapa wanafunzi kazi ya kueleza maisha ya kila siku ya kijiji kwa kuutazama mchoro huo. Mmoja aliandika kwamba mstari mweusi ni tuta la reli. Nilimweleza kwamba ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na kwamba mchoro huu una umri mkubwa kuliko reli. Lakini aliponiuliza basi huo mstari ni nini, nilibabaika, darasa likacheka, na mpaka leo sijui lilimcheka yeye au mimi. Binti mmoja akaongeza swali ambalo sikuweza kulijibu kabisa: kama hiki ni kijiji, kina mama wako wapi, na moto unawashwa wapi?

Naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, kuna anayeweza kunieleza kinachoonekana hapa? Pili, mchoro wa namna hii unaweza kutumika darasani kama ushahidi wa maisha ya wazee wetu, au ni pambo la kitabu tu?

---

Mzee wa Mvumi alijibu:

Marahaba, mwalimu, na uwape pole wanafunzi wako, kwa sababu swali la tuta la reli si la kuchekwa. Huo mstari mweusi ndio kijiji chenyewe.

Mimi nilizaliwa ndani ya tembe mwaka 1957, na nimelala humo mpaka nilipokuwa kijana wa miaka kumi na minne, kwa hiyo nisemalo sikulisoma mahali. Tembe halina paa la mgongo wala la msonge. Zinasimikwa nguzo fupi zenye panda, juu ya panda zinalazwa boriti, juu ya boriti fito zilizobanana, kisha matawi na nyasi, na mwisho udongo uliokandwa na kushindiliwa mpaka paa linakuwa bapa kama kiwanja. Kuta ni za fito na udongo. Kimo chake ni kidogo kiasi kwamba mtu mzima huingia kwa kuinama, na akiwa ndani bado huangalia kichwa chake asije akajigonga. Nyumba haikusimama peke yake. Mabawa yake yalizunguka ua mpana, mara nyingi pande zote nne, na usiku ng'ombe walilala katikati ya ua huo huku ndama na mbuzi wadogo wakilala ndani pamoja nasi, kila mmoja akilijua joto la mwenzake.

Sasa mwombe mwanafunzi wako asimame mbali, mahali ulipo mbuyu, alitazame tembe la namna hiyo. Ataona ukuta mrefu, mfupi kwa kimo, usio na madirisha, wenye lango moja. Rangi ya ukuta ni rangi ya ardhi, maana ndiyo ardhi yenyewe. Mvua zikianza, majani huota hata juu ya paa, na hapo mgeni anaweza kulipita tembe lenye watu thelathini akidhani amepita kando ya mwinuko wa udongo. Mchoraji wako alikuwa na jicho zuri kwa kuuona huo mstari.

Kuhusu kina mama: wako nyuma ya mstari. Ndani ya ua ndimo mlimokuwa na kinu na mchi, ndimo mlimokuwa na jiwe la kusagia uwele na mtama, na mama alipiga magoti mbele ya jiwe hilo kabla jua halijachomoza. Moto uliwashwa ndani ya nyumba, na moshi ulijitafutia njia kupitia mlangoni na kwenye nyufa, kwa hiyo hukuuona ukipanda kwa nguzo moja kama wa jiko la nje. Ulijipenyeza polepole, na udongo wa dari ukawa mweusi kama lami, jambo ambalo lilisaidia pia kuwafukuza wadudu waliokula boriti. Sehemu pekee ya maisha ya ndani ambayo mtu wa nje angeweza kuiona ni paa lenyewe, kwa kuwa juu yake tulianika mtama, maboga yaliyokatwa vipande, na majani ya mlenda ya kuhifadhi kwa ajili ya kiangazi. Sisi watoto tulipandishwa huko kufukuza ndege na mbuzi. Tazama vizuri kama juu ya mstari mweusi kuna vidoa. Huenda ni watoto, huenda ni vibuyu.

Wengi huuliza kwa nini watu walijenga hivyo. Mvua yetu ni chache na ni ya msimu mmoja, kwa hiyo paa bapa la udongo linavumilia, ingawa mvua ya siku tatu mfululizo ilitufanya tuhamishe ngozi za kulalia kutoka kona moja hadi nyingine. Miti mirefu iliyonyooka ni adimu. Ng'ombe walihitaji kulindwa dhidi ya fisi na dhidi ya wavamizi, na wazee walitusimulia uvamizi wa Wahehe na wa Wamasai kama watu wanaosimulia jambo la juzi. Tena paa la udongo halishiki moto kama la nyasi.

Ilipofika Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulihamia kijiji cha ujamaa, na boriti zilizokuwa bado nzima tuling'oa wenyewe tukazijengea nyumba mpya zilizopangwa kwa mstari kando ya barabara. Kwa hiyo hata mimi, nikirudi leo pale tulipokuwa tukiishi, naona mbuyu tu, na sehemu ya ardhi ambayo majani yake ni ya kijani kuliko mengine kwa sababu ya samadi ya miaka mingi.

---

Kalamu ya Mkaa alijibu:

Nimefurahishwa na maelezo ya Mzee, nami nitaongeza upande wa karatasi, kwa kuwa kazi yangu ni uchoraji na uchapaji.

Mwalimu, jambo la kwanza la kuwaambia wanafunzi ni kwamba picha uliyonayo haikutoka mkononi mwa mtu mmoja. Katika karne ya 19, kabla mitambo ya kuchapisha picha za kamera pamoja na maandishi haijaenea, mchoro wa msafiri ulipitia hatua kadhaa. Msafiri alichora kwa penseli, au kwa rangi za maji kama alivyofanya James Augustus Grant, aliyesafiri na mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke kuanzia mwaka 1860 na kuvuka Ugogo mwishoni mwa mwaka huo. Michoro ya Grant ndiyo iliyokuwa msingi wa picha nyingi katika kitabu cha Speke cha mwaka 1863, na kazi zake za mkono zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland mjini Edinburgh. Mchoro ulipofika London, msanii mwingine aliuchora upya juu ya kibao cha mbao ngumu, na mafundi wakakichonga kibao hicho kwa patasi ndogo za chuma, wakiacha mistari itakayoshika wino na kuondoa sehemu zitakazobaki nyeupe. Picha ikiwa kubwa, kibao kiliundwa kwa vipande vilivyoshikizwa pamoja, na kila fundi aliweza kupewa kipande chake. Yaani mtu aliyechonga vilima vyako huenda hakuuona kabisa mbuyu wako.

Fundi wa namna hiyo, ambaye hajawahi kuona shina la mtama, akiletewa mchoro wenye mistari michache ya penseli inayowakilisha shamba, atachonga nini? Atachonga shamba analolijua, na shamba analolijua ni la ngano. Ndiyo maana katika vitabu vya zamani vya safari utakuta minazi mahali pasipoota minazi, na watu wa bara waliosimama kama sanamu za Kigiriki. Simlaumu sana, hata mimi nikiambiwa nichore theluji nitachora pamba.

Jambo la pili ni la kitaalamu lakini wanafunzi watalipenda. Kibao kinapochapwa, picha hugeuka, kushoto kukawa kulia. Fundi makini alichora kinyume juu ya kibao ili chapa itoke sawa, lakini wengine hawakujali, hasa kwa picha za nchi ambazo msomaji hakuwa na njia ya kuzihakiki. Watazame wanaume wako wanne wanashika mikuki kwa mkono gani. Kama wengi wao wanatumia mkono wa kushoto, inua karatasi dirishani uitazame kwa nyuma.

Na usidhani kwamba mambo haya walitendewa Waafrika peke yao. Mwaka 1559 na tena mwaka 1561, mchapishaji Hieronymus Cock wa mji wa Antwerp, katika Ubelgiji ya leo, alitoa chapa za mandhari ndogo za vijiji vya Brabant, nchi iliyouzunguka mji huo: barabara za vumbi, vibanda, madimbwi, uzio wa miti. Zilitangazwa kuwa zimechorwa kwa kutazama vitu vyenyewe mahali vilipo. Hata hivyo, jina la aliyezichora halijulikani kwa hakika mpaka leo, na watu wengi wanaotembea katika chapa hizo hawamo kwenye michoro ya awali. Waliongezwa na waliochonga mabamba ya shaba ili kijiji kisionekane kimekufa. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 1612, mchapishaji Claes Jansz. Visscher alizitoa upya Amsterdam na kuweka jina la mchoraji maarufu Bruegel, jina lililouzika. Wale wanakijiji wa Brabant nao hawakuulizwa. Kwa hiyo unapoona wanaume wanne katika mchoro wako, uliza kwanza kama walikuwapo siku hiyo, au waliingizwa baadaye ili kujaza uwanda.

---

Mjukuu wa Mpagazi alijibu:

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, mimi napingana kidogo na upole wenu. Mnazungumza kama kwamba tatizo ni patasi ya fundi. Mimi naona tatizo lilianza kabla penseli haijagusa karatasi.

Misafara haikulala kijijini. Ilipiga kambi nje, karibu na maji au chini ya mbuyu, na mwenye msafara alisubiri hapo mpaka mtemi wa mahali akubali hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yake. Ugogo ulijulikana kwa hongo kuliko sehemu nyingine yoyote ya njia ile: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, vyote vilihesabiwa, vikarudishwa, vikaongezwa. Siku mbili au tatu zilipita hivyo. Msafiri Mwingereza Richard Burton alilalamika, mwandishi wa habari Henry Stanley akalalamika, na wote wawili waliandika habari za Wagogo kwa kalamu yenye hasira. Kwa upande wa Wagogo ilikuwa haki kabisa, maana msafara wa mamia ya watu ulikunywa maji ya visima vilivyochimbwa kwa mikono katika mchanga wa makorongo, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa ya kuwafikisha ng'ombe mwisho wa kiangazi.

Sasa fikirini: mchoraji ana siku mbili za kukaa bure, amekasirika, haruhusiwi kuingia uani, na mbele yake wako vijana waliotumwa kuwachunga wageni. Anachora nini? Anachora mbuyu unaompa kivuli, vijana wenye mikuki wanaomzuia, na ukuta ambao hajaingia nyuma yake. Huo si mchoro wa kijiji. Ni mchoro wa kusubiri.

Kwa hiyo, mwalimu, mimi nisingempa mtoto picha hii na kumwambia aeleze maisha ya kijiji. Ningempa kwanza maelezo ya Mzee wa Mvumi, kisha ndiyo picha. Na kama unataka picha zaidi za kulinganisha, za kipindi cha Wajerumani, chuo kikuu cha Frankfurt kimeweka mtandaoni mkusanyiko mkubwa wa picha za kamera uliokuwa wa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani. Hizo nazo zina macho ya mwenye nchi kwa nguvu, lakini angalau kamera huokota vitu ambavyo mpigapicha hakukusudia.

---

Kalamu ya Mkaa alijibu:

Ndugu Mjukuu, hapo kwenye mchoro wa kusubiri umenifungua macho. Lakini usimnyime mwalimu picha yake. Mchoro nao huokota. Mzee ameujua mstari mweusi kwa kusimuliwa tu, bila kuuona; kama mchoraji angekuwa mwongo mtupu, Mzee asingekuwa na cha kutambua. Mtu anaweza kuchora kwa hasira na bado akaweka kimo cha ukuta sawasawa.

---

Mkulima wa Kongwa alijibu:

Mimi nina neno moja, nalo ni la majira ya mwaka.

Mwalimu ameueleza uwanda ambao karibu ni mtupu, na nahisi wanafunzi wameelewa kwamba Ugogo wa zamani ulikuwa jangwa. Lazima muulize mchoraji alipita mwezi gani. Burton na Speke walivuka Ugogo takriban Septemba na Oktoba 1857, wakati ambapo hata leo ukisimama Kongwa huoni jani. Speke na Grant walipita mwishoni mwa mwaka 1860, mvua ikiwa ndiyo kwanza inatafutwa. Stanley aliingia mwishoni mwa Mei 1871, na yeye aliikuta nchi ya mashamba na ya watu wengi, kwa sababu wakati huo mtama unavunwa na kupurwa. Nchi ni ileile.

Tena hakuna aliyechora mwezi wa Machi akiwa katikati ya shamba, kwa kuwa mtama wa Machi humpita mtu kimo na angechora mabua tu; tembe lote lingefichwa. Kazi kubwa kuliko zote katika mwaka wa mkulima wa Ugogo, yaani palizi, haiwezi kuonekana katika mchoro wa Oktoba. Wala kuberega hakuonekani, ingawa ndiko kunakofanyika wakati huo: mtu anasafisha shamba bila kulilima, anakusanya mabaki na kuyachoma, na kwa mgeni shamba lililoberegwa linafanana na ardhi isiyo na mwenyewe.

Kosa la kuisoma ardhi kwa macho ya haraka sisi wa Kongwa tunalijua. Waingereza walikuja hapa mwaka 1947 na mradi wao wa karanga, wakaiona nchi pana na tupu, wakaleta matrekta, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, udongo umekauka na kuwa mgumu kama saruji na mvua haikufuata hesabu zao. Nchi tupu! Wangemuuliza bibi yeyote kwa nini hapalimwi, wangeokoa fedha nyingi.

---

Mwalimu wa Bahi alijibu:

Wakubwa zangu, nawashukuru kwa dhati, na samahani kwa kuchelewa kurudi. Tulikuwa na mitihani.

Nimefanya kama mlivyoelekeza. Mikuki: wanaume watatu kati ya wanne wameishika kwa mkono wa kushoto. Niliinua karatasi dirishani mbele ya darasa, tukaitazama kwa nyuma, na kelele zilizotokea zilimleta mwalimu wa zamu mlangoni.

Jumamosi niliipeleka nakala kwa bibi mmoja jirani wa shule, ambaye wazazi wake waliishi katika tembe na ambaye mwenyewe ana umri unaomruhusu kutojali maneno ya mwalimu. Nilimwonyesha upande wa mbele, kisha upande wa nyuma kwenye mwanga, nikitumaini atavitambua vilima. Akaniambia kwamba vilima hivi havijui, hata nikivigeuza mara kumi. Lakini aliweka kidole kwenye shina la mbuyu, mahali palipo na mistari mifupi minne ambayo mimi siku zote nilidhani ni mikwaruzo ya mashine ya nakala, akasema hivyo ni vigingi vya kupandia. Mbuyu wenye vigingi una watu wake, alisema. Kuna mtu hupanda kuchuma ubuyu, au kuna mizinga ya nyuki huko juu, na mgeni aliyeketi kivulini hapo alikuwa ameketi katika mali ya watu. Nilitafuta mizinga kwa kioo cha kukuzia. Mchoro umekatwa pembezoni kabla ya matawi.

Wanaume wanne hakuwatilia maanani. Ng'ombe aliwatazama kwa muda mrefu, akasema wamechorwa wanene mno kwa nchi iliyo kavu namna hiyo, na kwamba ama walichorwa mahali pengine ama aliyewachora alikuwa na njaa.

Jumatatu niliwasomea wanafunzi maelezo ya Mzee wa Mvumi kuanzia nguzo za panda mpaka ngozi zilizohamishwa wakati wa mvua, kisha nikawapa kazi mpya: wachore mandhari ileile, kila mmoja achague mahali pa kusimama. Wengi walichora ndani ya ua, na yule binti aliyeuliza habari za kina mama alijaza karatasi nzima kwa jiwe la kusagia, mikono miwili, na mwanga mdogo unaoingia kutoka langoni. Yule wa tuta la reli alisimama juu ya paa. Mbele amechora miguu yake mwenyewe ikining'inia ukingoni, maboga yaliyoanikwa, na uwanda wote hadi kwenye mbuyu. Na chini ya mbuyu, mdogo kama sisimizi, kuna mtu mwenye kofia aliyeketi juu ya sanduku akiwa na karatasi magotini.